Nyenje wa Uingereza na usingizi wa miezi sita

Kwa mkazi wa Tanga, Kisumu au Bukoba, sauti ya nyenje usiku ni jambo la kawaida mno hata hakuna anayeisikiliza. Huanza jua linapozama, huendelea hadi usiku wa manane, na husikika karibu kila mwezi wa mwaka. Mjini London mambo ni kinyume. Mtu anaweza kuishi katika mji huo miaka ishirini asimsikie mdudu huyo hata mara moja, na akitaka kumsikia nyenje wa porini hana budi kupanda treni kuelekea kusini, kwenye kaunti za Surrey na West Sussex, tena kati ya mwezi wa Mei na Julai tu.

Hata huko kusini, nusura sauti hiyo izimike kabisa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyenje wa mbugani wa Uingereza, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Gryllus campestris, alikuwa amebaki katika kundi moja tu huko West Sussex, na idadi yake nchini ilikadiriwa kuwa chini ya 100. Tayari alikuwa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, inayokataza kumkamata au kumuua bila kibali. Lakini sheria haikumfaa sana, kwa sababu aliyekuwa akimmaliza hakuwa mtu mwenye chupa ya kukusanyia wadudu. Ni nchi yenyewe iliyokuwa imebadilika.

Nyenje huyu hutaka ardhi ya kichanga inayopata jua, yenye majani mafupi na vipara vya udongo ulio wazi. Ardhi ya namna hiyo ilikuwa nyingi kusini mwa Uingereza wakati kondoo na sungura walipokuwa wakiila nyasi mwaka mzima. Kisha malisho mengi yakaachwa, mengine yakalimwa, mengine yakapandwa misonobari, na mwaka 1953 ukaingia ugonjwa wa miksomatosi uliofyeka sungura kwa mamilioni. Nyasi zikarefuka, kivuli kikatanda, udongo ukapoa. Kwa mtu, tofauti ya digrii chache za joto la udongo si kitu. Kwa nyenje ni tofauti kati ya mayai yanayoanguliwa kwa wakati na mayai yanayochelewa, na katika nchi yenye majira ya baridi kali, anayechelewa hupotea.

Maisha ya mwaka mmoja

Jike wa nyenje wa mbugani hutaga mwezi wa Mei na Juni, akiyadunga mayai udongoni kwa mrija mrefu kama sindano ulio mwishoni mwa tumbo lake. Mayai huanguliwa baada ya wiki chache, na wanaotoka si viwavi bali ni tunutu, yaani nyenje wadogo wenye umbo la wazazi wao ila hawana mabawa. Tunutu hao hula majani na mabaki ya wadudu wengine, huambua ngozi kila inapowabana, na hukua upesi katika siku ndefu za majira ya joto. Majani ya miti yanapoanza kupukutika, tunutu huwa wamebakiza hatua moja au mbili tu kufikia utu uzima. Hapo ndipo kila mmoja hujichimbia shimo lake, huingia ndani na kulala.

Hulala hadi mwezi wa Machi. Wakubwa wao walikwisha kufa tangu Julai na Agosti, kwa hiyo mnamo Desemba hakuna nyenje wa mbugani mpevu hata mmoja aliye hai Uingereza nzima. Spishi yote imo mashimoni, katika umbo la watoto. Machi hutoka kuota jua, huanza kula tena, na ifikapo mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei huambua ngozi mara ya mwisho na kuwa wakubwa: weusi wa kung'aa, wenye urefu wa takriban sentimita mbili, kichwa kikubwa cha mviringo, na utepe wa manjano mahali mabawa yanapoanzia. Mabawa yenyewe ni ya kuimbia. Nyenje huyu haruki angani.

Habari hizi hazikuvumbuliwa katika maabara. Mtu wa kwanza kuziandika kwa ukamilifu kwa Kiingereza alikuwa kasisi wa kijijini, Gilbert White, aliyeishi Selborne katika kaunti ya Hampshire na ambaye kitabu chake kuhusu viumbe wa kijiji hicho kilichapishwa London mwaka 1789. White aliona kwamba nyenje wote waliojitokeza kwenye milango ya mashimo yao mwezi wa Machi walikuwa bado hawajakomaa, mabawa yao yakiwa yamefichwa chini ya ngozi, naye akakisia kwamba wakubwa wa mwaka uliotangulia hawakuwa wakiivuka baridi kila mara. Alijaribu kuwachimbua kwa jembe, akawaponda wengi. Baadaye akagundua kwamba unyasi mwororo ukipenyezwa shimoni humkera mwenye nyumba hata akatoka mwenyewe. Alijaribu pia kuhamishia kundi la nyenje kwenye bustani yake kwa kuwatobolea mashimo. Wageni hao walikaa kwa muda, wakala na kuimba, kisha kila asubuhi sauti zao zikawa zinasikika mbali zaidi, hadi wakatoweka. Kazi hiyo iliyomshinda White ndiyo iliyokuja kufanywa upya zaidi ya miaka mia mbili baadaye.

Saa inayosoma mwanga

Usingizi wa nyenje si kufa ganzi kwa baridi. Mjusi aliyepigwa na baridi hutulia, na jua likimpiga huamka akaenda zake. Usingizi wa msimu wa wadudu, ambao wataalamu huuita dayapozi, ni jambo jingine. Huanza kabla baridi haijafika, wakati chakula bado kipo na hewa bado ni ya joto. Homoni zinazosukuma ukuaji na kuambua ngozi hupunguzwa, mwili huweka akiba ya mafuta, matumizi ya nguvu hushuka. Na aliyekwisha kuingia katika hali hiyo haamshwi ovyo: juma moja la joto katikati ya Januari halitoshi kumdanganya, maana angetoka akakuta hakuna kitu, na baridi ingerudi juma linalofuata.

Ni nini basi kinachomwambia mdudu kwamba wakati umefika? Joto hushiriki, lakini kalenda kubwa ni urefu wa siku. Mjini London mchana wa tarehe 21 Juni huwa na zaidi ya saa 16 na nusu za mwanga. Ule wa tarehe 21 Desemba hauzidi saa 8. Hali ya hewa ya Uingereza haiaminiki, kama kila aliyewahi kuishi huko anavyojua, lakini urefu wa siku haukosei hata kidogo. Huwa uleule kila mwaka, tarehe kwa tarehe. Mdudu anayesoma mwanga badala ya joto anasoma saa isiyosimama.

Msikilizaji wa Nairobi hana saa hiyo. Karibu na Ikweta tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ni takriban dakika 10, na wadudu wengi wa huko hufuata mvua. Senene wa Bukoba na Uganda, kwa mfano, hujaa hewani katika misimu ya mvua, nao watu husubiri mvua hizo wakiwa na taa na mitego.

Mahali penye baridi, kila jamii ya nyenje imechagua mlango wake wa kuingilia usingizini. Wengine hulala wakiwa tunutu, kama yule wa mbugani. Wengine hulala ndani ya yai. Nyenje mdogo wa ardhini wa Uingereza, Nemobius sylvestris, ambaye urefu wake ni kama sentimita moja tu na anayeishi kwenye majani makavu pembezoni mwa misitu ya New Forest, kisiwa cha Wight na kusini mwa Devon, hufanya yote mawili. Majira ya baridi ya kwanza huyapitisha akiwa yai. Ya pili akiwa tunutu. Huwa mkubwa katika mwaka wake wa tatu wa kalenda. Majira ya joto ya Uingereza ni mafupi mno kwake kumaliza kazi hiyo kwa mkupuo mmoja.

Jamaa zake wa Marekani, nyenje wa ardhini wa jenasi ya Allonemobius, wana utaratibu unaostaajabisha zaidi. Katika majimbo ya kusini, ambako joto hudumu, huzaa vizazi viwili au zaidi kwa mwaka. Mayai ya mwanzo wa majira ya joto hayana haja ya kulala. Ya mwisho wa majira hayo yasipolala yataanguliwa kwenye theluji. Anayeamua ni mama. Utafiti wa Timothy Mousseau na wenzake ulionyesha kwamba mazingira anayoyaonja jike mwenyewe, pamoja na umri wake, huathiri ni mayai mangapi atakayotaga yatakuwa ya kulala. Kiumbe ambacho hakijazaliwa hupewa habari za msimu na mama ambaye hataishi kuuona msimu huo.

Dume, jike na shimo

Muda wa kuoana ni mfupi, kwa hiyo hakuna la kupoteza. Dume wa mbugani husafisha uwanja mdogo mbele ya shimo lake na kusimama hapo akiimba. Haimbi kwa miguu kama panzi, bali husugua bawa moja juu ya jingine, moja likiwa na meno kama msumeno na jingine ukingo mgumu. Jike huisikia sauti hiyo kwa masikio yaliyo kwenye miguu yake ya mbele, chini kidogo ya goti, na humwendea. Akifika, dume hubadili sauti na kuimba kwa upole zaidi. Jike akiridhika humpanda mgongoni, naye dume humkabidhi kifuko kidogo cha mbegu kinachoning'inia nje ya mwili wake na kujimimina taratibu. Jike anaweza kukiacha kimalizike au kukivunja mapema na kukila. Kwa njia hiyo, na kwa kuoana na madume kadhaa, huwa na sauti katika suala la nani atakuwa baba wa watoto wake. Miongoni mwa nyenje wa ardhini wa Marekani mambo huenda mbali zaidi: jike hutafuna mwiba ulio kwenye mguu wa nyuma wa dume na kunywa maji ya mwili wake wakati wa kuoana.

Kwa miaka mingi yaliyojulikana juu ya maisha hayo yalitoka kwenye masanduku ya maabara. Mwaka 2006 Rolando Rodríguez-Muñoz na Tom Tregenza wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walianza kuwafuatilia nyenje wa mbugani katika uwanja mmoja wa nyasi kaskazini mwa Hispania. Waliweka makumi ya kamera mbele ya mashimo, wakawabandika wadudu vibandiko vya namba mgongoni, na kuchukua vipimo vya vinasaba ili kujua nani alizaliwa na nani. Matokeo yao ya mwanzo, yaliyotolewa mwaka 2010, yalionyesha kwamba nyenje wengi, madume kwa majike, hawakuacha mtoto hata mmoja aliyefikia utu uzima. Walioacha watoto wengi ni wale waliokuwa na wenzi wengi, na hili lilikuwa kweli kwa majike kama lilivyokuwa kweli kwa madume. Aidha dume mdogo aliyeshindwa kupigana aliweza kufidia kwa kuimba zaidi.

Mwaka uliofuata kikatolewa kisa cha shimo. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba dume anayekaa na jike baada ya kuoana anamfungia tu asiende kwa mwingine. Kamera zilionyesha kuwa ndege anapotokea dume humpisha jike aingie kwanza. Kwa hiyo dume aliye na mwenzi huliwa zaidi kuliko dume aliye peke yake, na jike aliye na mwenzi huliwa kidogo kuliko jike mpweke. Hakuna haja ya kumsifu dume kwa uungwana: wakati anaokaa na jike humpatia nafasi zaidi za kuoana naye, na hivyo watoto zaidi. Uteuzi wa asili haujali nia. Hujali hesabu ya watoto.

Usingizi na kuzaliwa kwa spishi

Kama kulala kwa wakati usiofaa huua, na kama uwezo wa kupima wakati hurithiwa, basi kila majira ya baridi ni mtihani unaochagua nani aendelee. Mtaalamu wa Japan, Sinzo Masaki, aliuonyesha mtihani huo kwa rula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1967 na katika kazi zake za baadaye, alipima nyenje kutoka kaskazini hadi kusini mwa visiwa vya Japan. Waliotoka kaskazini, ambako msimu wa kukua ni mfupi, walikuwa wadogo. Kadiri alivyoteremka kusini walizidi kuwa wakubwa. Lakini kwa nyenje wadogo wa ardhini alifika mahali ambapo ukubwa ulishuka ghafla, kisha ukaanza kupanda tena. Hapo palikuwa ndipo msimu ulipotosha vizazi viwili badala ya kimoja: mwaka uleule ukigawanywa mara mbili, kila kizazi hupata muda mchache wa kukua. Nyenje aliyelelewa maabara bado alibeba ukubwa na ratiba ya kwao. Vilikuwa vimeandikwa katika urithi wake.

Je, tofauti ya ratiba inaweza kuigawa spishi moja ikawa mbili? Mwaka 1960 Richard Alexander na Robert Bigelow walidai kuwa ndivyo ilivyotokea Amerika ya Kaskazini. Huko kuna nyenje wawili wanaofanana karibu katika kila kitu. Mmoja, Gryllus veletis, hulala akiwa tunutu na kuimba majira ya kuchipua. Mwingine, Gryllus pennsylvanicus, hulala akiwa yai na kuimba mwishoni mwa kiangazi. Huishi katika uwanja uleule lakini wakubwa wao hawakutani sana, kama wapangaji wawili wanaotumia kitanda kimoja kwa zamu. Wataalamu hao walipendekeza kwamba hapo kale walikuwa spishi moja, na kwamba baridi iliua hatua zote za maisha isipokuwa mbili, ikazitenga kwa wakati bila mlima wala mto kati yao.

Nadharia hiyo ilipendeza mno, na iliingia katika vitabu vya kufundishia. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, havikuiunga mkono: nyenje hao wawili si ndugu wa karibu zaidi kuliko wengine wa jenasi yao. Inaelekea kila mmoja aliifikia ratiba yake kwa njia yake. Hilo halipunguzi nguvu ya usingizi katika mageuko ya viumbe. Huonyesha tu kwamba nyenje tofauti, wakikabiliwa na baridi ileile, wanaweza kupata majibu tofauti na wakaishi jirani.

Wanaoweza kuhama na asiyeweza

Swali lililo mbele ya wanasayansi sasa ni saa hiyo itafanya nini dunia inapopata joto, kwa kuwa joto linabadilika na mwanga haubadiliki. Ishara moja ilitoka Marekani mwaka 2001. William Bradshaw na Christina Holzapfel wa Chuo Kikuu cha Oregon walichunguza mbu mdogo anayezaliana ndani ya mimea yenye umbo la mtungi, wakakuta kwamba wa kaskazini walikuwa wamebadilika kiurithi katika miongo michache na kuanza usingizi siku zikiwa fupi zaidi, yaani baadaye katika mwaka. Saa inaweza kurekebishwa, basi, ikiwa kuna wadudu wengi wenye tofauti za kutosha ambazo uteuzi unaweza kuzichagua.

Njia nyingine ni kuhama, nayo imeonekana karibu na London yenyewe. Kuna mdudu wa jamii ya senene aitwaye kwa jina la Roesel, ambaye zamani nchini Uingereza alipatikana hasa kandokando ya mdomo wa mto Thames na pwani za mashariki. Tangu miaka ya 1980 ameenea kwa kasi, akapita viungani mwa London na kuelekea kaskazini na magharibi. Kwa kawaida mabawa yake ni mafupi, ila wachache huzaliwa na mabawa marefu yawezayo kuruka. Chris Thomas na wenzake waliripoti mwaka 2001 kwamba katika makundi mapya, pembezoni mwa eneo linalopanuka, wenye mabawa marefu walikuwa wengi kuliko katika makundi ya zamani. Aliyeweza kuruka ndiye aliyefika kwanza.

Nyenje wa mbugani hana bahati hiyo. Anatembea. Uingereza ni ukingo wa kaskazini wa makao yake barani Ulaya, ambako kusini zaidi bado yuko kwa wingi, na joto linaloongezeka lingeweza kumfungulia maeneo mapya. Lakini kati ya kichanga kimoja na kingine siku hizi kuna barabara, mashamba ya ngano na nyumba. Nchi inamfaa, na hawezi kuifikia.

Kazi ya London

Ndiyo maana watu walilazimika kumbeba. Mwaka 1991 idara ya serikali ya uhifadhi, wakati huo ikiitwa English Nature, ilianzisha mpango wa kuokoa spishi zilizokuwa hatarini, na mwaka uliofuata Bustani ya Wanyama ya London iliyo Regent's Park ikaanza kumzalisha nyenje huyo. Bustani hiyo ilikuwa na jumba la wadudu tangu mwaka 1881. Kila mwaka nyenje wachache walichukuliwa kutoka porini, wakaoanishwa, na watoto wao, maelfu kwa jumla, wakapelekwa kwenye maeneo yaliyokuwa yamefyekwa na kutayarishwa kusini mwa nchi.

Wakati huohuo bustani ilijaribu kumzalisha mdudu mwingine adimu, Decticus verrucivorus, mkubwa wa jamii ya senene. Huyu aliwatoa jasho. Mayai yake yanaweza kulala majira mawili ya baridi au zaidi kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo kosa la mwaka huu huonekana baada ya miaka miwili. Nyenje wa mbugani, mwenye mizunguko ya mwaka mmoja na mayai mengi, alikuwa mwanafunzi mwepesi. Wataalamu wa bustani walichapisha ulinganisho wa kazi hizo mbili mwaka 1998, na kwa anayetaka kujua kwa nini mdudu mmoja huokolewa upesi na mwingine kwa shida, jibu kubwa limo katika ratiba ya usingizi.

Si kila kundi lililopandikizwa lilidumu. Baadaye mkazo ukahamia kwenye kuwachukua nyenje moja kwa moja kutoka makundi yenye nguvu. Tangu mwaka 2010 shirika la kulinda ndege la RSPB limewahamishia kwenye hifadhi zake za Farnham Heath katika Surrey, ambako misonobari iliyopandwa ilikatwa ili kurudisha uwanda wa kale, na Pulborough Brooks katika West Sussex. Hukamatwa mwezi wa Aprili, kabla ya kuambua ngozi mara ya mwisho. Sababu ni rahisi: wakati huo hakuna aliyekwisha kuoana, na wahifadhi wanaweza kuchagua idadi sawa ya madume na majike. Huwatoa mashimoni kwa unyasi, vilevile kama Gilbert White. Mashimo ya kuwaweka hutobolewa kwa kijiti. Tofauti na siku za White ni kwamba siku hizi uwanja wenyewe hutayarishwa kwanza, majani yakapunguzwa na udongo ukaachwa wazi, hata wageni wasipate sababu ya kuondoka.

Wasiolala

London ilikuwa na nyenje wake mwingine, yule wa majumbani, Acheta domesticus, aliyeishi nyuma ya majiko na tanuri za mikate, na ambaye Charles Dickens alimpa nafasi katika hadithi yake ya Krismasi ya mwaka 1845. Huyu hana usingizi wa msimu. Alitoka katika nchi za joto na hakuwahi kuujifunza, kwa hiyo aliishi Uingereza kwa hisani ya moto wa watu tu, au kwenye majaa ya takataka yanayojipasha joto kwa kuoza. Mekoni mwa kuni na makaa ya mawe yalipotoweka, naye akapungua.

Udhaifu huo ndio unaompa thamani kwingineko. Nyenje asiyelala huzaa mwaka mzima, na kizazi chake hukamilika katika miezi miwili hivi akipewa joto. Ndiye anayefugwa kwa chakula huko Thailand, Ulaya, na pia Kenya na Uganda, ambako hakuna haja ya kulipia umeme mwingi wa kumpasha moto. Mjini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kinatafuta wa kienyeji pia. Mwaka 2018 Sylvain Hugel na Chrysantus Tanga walieleza spishi mpya kutoka Kenya, wakaipa jina la Scapsipedus icipe, nayo imekuwa ikichunguzwa kwa ufugaji. Kuwa na zaidi ya spishi moja si anasa: virusi viliwahi kuangamiza mazizi ya nyenje wa majumbani Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Huko Surrey na Sussex hesabu hufanywa kwa masikio. Siku za jua mwezi wa Mei wahifadhi na watu wa kujitolea hutembea polepole kwenye uwanda, wakisimama na kuhesabu madume yanayoimba. Majike hayaimbi, na tunutu wa mwaka unaofuata hawajaanguliwa bado.